Kulinda watu majini: mwongozo kwa waokoaji wa mabwawa ya Dodoma

Dodoma haina bahari, na wengi wanaojaa kwenye mabwawa ya hoteli siku za Jumapili na sikukuu hawakukulia majini. Mtu wa miaka 30, mwenye afya na nguvu zake zote, anaweza kuwa hajawahi kusimama kwenye maji yanayopita kiuno. Huyo ndiye mtu wa kwanza ambaye mwokoaji wa hapa anapaswa kumfikiria. Ufukweni Dar es Salaam adui ni wimbi na mkondo. Huku ni sakafu inayoshuka ghafla, maji yaliyochafuliwa na vumbi, watoto sita walioletwa na mlezi mmoja, na mtu asiyejua kuogelea anayesogea kwa ncha za vidole kuelekea kwenye kina huku akicheka na wenzake.

Maelezo haya ni kwa anayelinda bwawa la hoteli, la shule au la ukumbi, na kwa vijana wanaoishi karibu na malambo au mabwawa kama Hombolo na Mtera. Hayachukui nafasi ya mafunzo ya vitendo. Kumvuta mtu majini na kumrudishia pumzi hufundishwa kwa mikono, mbele ya mkufunzi, na hurudiwa mpaka mwili uzoee.

Pale sakafu inaposhukia

Bwawa la kawaida la hoteli huanza na kina cha mita 1 au 1.2, sakafu huenda karibu tambarare kwa mita kadhaa, kisha hushuka hadi mita 2 na zaidi. Kama una macho mawili tu ya kutumia, yaelekeze hapo. Asiyejua kuogelea hatembei akijua anakwenda kwenye hatari. Maji yanamfika kifuani, yanamfika shingoni, anaanza kurukaruka ili mdomo ubaki juu. Hatua moja zaidi, vigae vinateleza, mguu unashuka. Kila akijaribu kusukuma kurudi nyuma, anasukuma juu ya mteremko unaomteremsha tena. Yuko mita moja kutoka mahali anapoweza kusimama, na hafiki.

Dawa yake ni kamba yenye maboya iliyovuka bwawa kwa upana, ifungwe upande wa kina kifupi, sentimita 30 hadi 60 kabla mteremko haujaanza. Mabwawa mengine kamba imefungwa juu ya mteremko wenyewe, hivyo anayeifikia tayari hana pa kukanyaga. Mengine huitoa wikiendi kwa sababu vijana wanaikalia, yaani huitoa siku ile ile inapohitajika. Ivutwe hadi ikaze, kiasi kwamba mtu mzima akining'inia haizami naye. Kina kiandikwe ukingoni kwa tarakimu kubwa, pande zote mbili, na pembeni yake maneno ya Kiswahili: "Kina kirefu. Asiyejua kuogelea asipite hapa." Alama ya "2.0 m" peke yake haimzuii mtu ambaye hajawahi kupima urefu wake kwa mita.

Kabla geti halijafunguliwa

Anza kwa kusimama ukingoni na kuangalia chini. Wavu wa tundu la kutolea maji, ule ulio mahali penye kina kuliko pote, uonekane vizuri pamoja na mistari yake. Usipoonekana, bwawa halifunguliwi, hata kama meneja ameshauza tiketi. Mtu aliyezama kwenye maji yenye ukungu hutoweka. Waokoaji wawili wanaweza kuzunguka juu yake bila kumwona. Kiangazi cha Dodoma, hasa Agosti hadi Oktoba, upepo hujaza vumbi majini, na bwawa lililokuwa safi asubuhi linaweza kufifia kufikia saa tisa mchana. Kwa hiyo ukaguzi wa wavu unarudiwa mchana pia. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nayo hugeuka meupe pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikipanda.

Upande wa dawa ni mfupi. Klorini huru iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH 7.2 hadi 7.8, na vipimwe kabla ya kufungua na tena watu wakizidi. Dawa huwekwa watu wakiwa nje ya maji. Unga wa klorini humiminwa ndani ya ndoo ya maji; usimimine maji juu ya unga. Usiuchanganye kamwe na asidi wala na klorini ya aina nyingine, hata kwa kutumia kopo lile lile: gesi inayotoka inaweza kuua ndani ya chumba cha pampu.

Kisha kagua vifaa kwa kuvishika, si kwa kuvitazama tu ukutani:

- Boya refu la kuokolea lenye mkanda wa begani, moja kwa kila mwokoaji aliye zamu. Likae mkononi au mapajani mwake.
- Boya la mduara lenye kamba ya mita 15 au zaidi, ambayo haijafungwa mafundo na watoto.
- Fito la mita 3 hadi 4, la alumini au mwanzi mkavu imara. Fito la kusafishia bwawa linafaa ikiwa kichwa chake cha brashi kinatoka upesi.
- Ubao wa kubebea majeruhi wenye mikanda.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza na barakoa ya kupulizia pumzi, visifungiwe kwa ufunguo alionao mtu wa mapokezi.
- Filimbi. Kila mwokoaji na yake.

Swichi ya pampu kila mwokoaji aijue ilipo na aweze kuizima gizani. Wavu wa tundu la chini ukivunjika au ukilegea, pampu hunyonya nywele, nguo, hata tumbo la mtoto, na nguvu za mikono hazitoshi kumbandua. Pampu ikizimwa ndipo anaachiliwa. Wavu ukiwa umevunjika, bwawa linafungwa siku hiyo.

Namba za dharura zibandikwe ukutani kwa maandishi ya kusomeka: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji 114, Polisi 112, na namba ya hospitali iliyo karibu nanyi. Chini ya namba andika maelezo ya kufika, kwa sababu mwenye hofu husahau hata jina la mtaa: barabara gani, kituo gani cha mafuta, geti la rangi gani. Na mpangilie mtu mapema wa kwenda kusimama barabarani.

Umeme ukikatika usiku, hakuna kusubiri jenereta. Filimbi inapigwa, wote wanatoka, wanahesabiwa. Vivyo hivyo kwa radi wakati wa masika, kati ya Desemba na Aprili: ukiona umeme wa radi na ngurumo ikasikika kabla ya sekunde 30, toa watu majini na kwenye ukingo, na usiwarudishe mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Watalalamika. Waache walalamike wakiwa chini ya paa.

Kuangalia ndiyo kazi

Mwokoaji mzuri anaweza kumaliza mwaka bila kulowa akiwa zamu. Kuruka majini ni ishara kwamba kuna kitu kilipita macho yake au kamba haikuwepo. Ndiyo maana mtu anayeajiriwa kulinda bwawa na hapo hapo kuuza soda, kugawa taulo na kukusanya viti hajaajiriwa kulinda bwawa.

Kipimo kinachotumiwa na waokoaji wengi duniani ni sekunde 10 na 20: sekunde 10 za kuligundua tatizo popote lilipo katika eneo lako, na sekunde 20 za kumfikia mwenye tatizo. Kipimo hicho ndicho kinachoamua ukubwa wa eneo. Ukikaa kwenye kiti chako na kupitisha macho kutoka kona hadi kona, ukaona imekuchukua sekunde 18, eneo ni kubwa kwa mtu mmoja. Jaribuni kwa vitendo: mwenzako azamishe fulana nyeusi iliyofungiwa jiwe mahali usipopajua, bwawa likiwa na watu, bila kukuambia saa. Hesabu muda mpaka uipige filimbi. Majibu huwa ya kuudhi mara ya kwanza.

Pitisha macho chini, katikati, kisha juu. Wengi huangalia vichwa tu, kwa sababu ndivyo vinavyosogea na kupiga kelele. Sakafu iangaliwe kwanza kila mzunguko. Geuza kichwa kizima, usitegemee kona ya jicho. Kila baada ya dakika chache badili mkao, simama, tembea hatua mbili. Zamu kwenye kiti isizidi dakika 30. Baada ya hapo macho yanaangalia lakini hayaoni, na joto la mchana la Dodoma huharakisha hilo. Simu ibaki kwenye begi.

Kuna sehemu ambazo macho hayafiki: chini kabisa ya kiti chako, nyuma ya ngazi, chini ya godoro la upepo, na pale jua linapong'aa juu ya maji. Alasiri jua likielekea magharibi, nusu ya bwawa inaweza kuwa kioo kitupu. Hamisha kiti ili jua liwe mgongoni mwako, kiti kisichohamishika kiache, usimame upande mwingine.

Methali inasema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa mwokoaji methali hiyo ni ya kuisahau akiwa zamu, kwa sababu mtu anayezama kweli mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo uko sawasawa na maji, unazama na kuibuka, na kila ukiibuka unatafuta hewa. Hakuna nafasi ya kuita. Kichwa kimeangukia nyuma, nywele zimefunika macho na hazitoi. Mwili umesimama wima, miguu haipigi. Mikono imetanuliwa pembeni ikisukuma maji kwenda chini, kama mtu anayepanda ngazi isiyoonekana. Haendi popote. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60 kabla hajazama, na kwa mtoto mdogo huwa fupi zaidi. Wenzake walio mita mbili wanadhani anacheza.

Anayepiga kelele na kupunga mkono naye anahitaji msaada, ila bado ana hewa na akili: atashika kamba ukimrushia. Yule mkimya hawezi kushika kitu asichoguswa nacho. Na kuna wa tatu, aliyelala kifudifudi juu ya maji au chini sakafuni bila kusogea. Ukiwa na shaka kama ni mchezo, uliza kwa sauti, "Uko sawa?" Asipojibu mara moja, umeshapata jibu.

Wa kuwawekea jicho mapema: watoto chini ya miaka minane au tisa ambao mlezi wao amekaa mezani, wanaovaa maboya ya mikononi ya kujazwa upepo, ambayo ni midoli tu, na waliokunywa. Wengi huonya kwamba aliyeshiba asiingie majini, lakini nyama choma haijathibitika kumzamisha mtu, bia na mvinyo wa zabibu ndivyo vyenye kesi. Mtu aliyelewa haingii, na uamuzi huo uwe umeandikwa kwenye bango la sheria ili mwokoaji asibaki akibishana na mteja peke yake. Zuia pia mashindano ya kubana pumzi chini ya maji. Anayevuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama huondoa mwilini hewa chafu inayompa hamu ya kupumua, hivyo oksijeni inamwishia kabla hajahisi hatari, na anazimia kimya akiwa chini.

Mlezi wa mtoto asiyejua kuogelea awe majini pamoja naye, umbali wa mkono mmoja. Na bwawa lisifunguliwe likiwa na mwokoaji mmoja. Akiingia kumvuta mtu, wengine wote hawana wa kuwaangalia. Akianza kumpulizia pumzi, hakuna wa kupiga simu.

Kumtoa

Kubalianeni ishara za filimbi na mzibandike. Mpangilio unaotumika sana: mlio mmoja mfupi ni kumwita muogeleaji, miwili kumwita mwokoaji mwenzako, mitatu ni dharura, na hapo wote wanatoka majini. Ukiona anayezama, filimbi kwanza. Sekunde moja ya filimbi inakuletea msaada. Ukiruka kimya, unaweza kubaki peke yako na mtu mzito mikononi.

Njia ya kumtoa huchaguliwa kuanzia isiyokuweka majini. Aliye karibu na ukingo mfikie kwa fito au boya refu ukiwa umelala kifudifudi, kifua chini na miguu imetanuka. Anayemvuta mtu akiwa amesimama au amechuchumaa huingia naye. Fito lipitishwe pembeni yake na kuletwa mikononi. Usimchome nalo kifuani.

Aliye mbali kidogo mrushie boya la mduara. Kanyaga mwisho wa kamba, rusha kutoka chini kwenda mbele, boya lipite bega lake na kuanguka nyuma yake, kisha livute lije kwake. Boya linaloanguka mbele ya mtu anayezama, hata kwa nusu mita, halimsaidii. Likikosa, usipoteze muda kukunja kamba vizuri. Livute na urushe tena kamba ikiwa imelala chini ovyo.

Usipokuwa na boya, dumu la lita 5 lililofungwa kamba linafanya kazi. Tia maji kidogo ndani ili liwe na uzito wa kuruka, kaza kifuniko, funga kamba kwenye mshikio. Dumu tupu hupeperushwa na upepo.

Kuingia majini ni kwa mwokoaji aliyefunzwa, akiwa na boya. Ingia ukiangalia mtu wako bila kuzamisha kichwa, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, boya likiwa kifuani chini ya makwapa. Mkaribie kwa nyuma. Ukifika karibu mita 2, simama, msemeshe kwa sauti ya kawaida, kisha sukuma boya kati yako na yeye. Akilishika, vuta mkanda mwende. Anayezama atapanda juu ya chochote kilicho karibu, na kama ni kichwa chako, atakipanda. Akikukumbatia, weka kidevu kifuani, vuta pumzi, zama naye. Atakuachia, kwa sababu chini siko anakotaka kwenda. Msukume kwa viganja viwili, ibuka umbali wa mita 2, anza upya na boya.

Aliyezimia akiwa kifudifudi mgeuze haraka uso uangalie juu, boya likiwa chini ya mabega yake, na umlete ukingoni. Kumpulizia pumzi mkiwa bado majini ni kwa waliofundishwa na wenye boya la kutosha. Kwenye bwawa dogo, ukingo uko sekunde chache, mtoe. Kumpandisha mtu mzima kunahitaji watu wawili wanaovuta mikono na makwapa kwa hesabu ya pamoja, au ubao uliotelezeshwa chini yake. Mfanye zoezi hili kavu kwanza, kwa sababu hapa ndipo muda mwingi hupotea: mwili uliolowa hauna pa kushika.

Jeraha la shingo lifikiriwe kwa aliyejirusha kichwa kwanza, aliyeanguka kutoka juu au aliyegongwa. Sehemu yenye kina chini ya mita 1.5 kusiwe na kujirusha kichwa kabisa. Majeruhi wa aina hiyo, kama anapumua, mnyooshee mikono juu ya kichwa chake, bana kichwa katikati ya mikono hiyo miwili, mtulize hapo hapo majini mpaka ubao uletwe. Kama hapumui, pumzi ndiyo inatangulia. Mtoe kwa uangalifu unaowezekana, lakini mtoe.

Kurudisha pumzi

Moyo wa aliyezama husimama kwa kukosa oksijeni. Kwa hiyo kukandamiza kifua bila kupulizia, kama wengi walivyofundishwa kwa mtu aliyeanguka ghafla barabarani, hakutoshi hapa. Pumzi zinaanza.

Mlaze chali mahali pagumu na tambarare. Mtu mmoja apige 114, mwingine alete barakoa na, kama ipo, mashine ya kushtua moyo. Mtikise mabega, mwite. Inamisha kichwa nyuma, inua kidevu, angalia na sikiliza kama anapumua, usizidi sekunde 10. Kukoroma kwa kuachana au kutweta mara moja moja si kupumua.

Kama hapumui, mbane pua na mpulizie pumzi 5, kila moja kama sekunde 1, ukitazama kifua kikipanda. Mafunzo ya Ulaya huanza na 5 na ya Marekani na 2, fuata ulivyofundishwa. Kifua kisipopanda, kiinamishe kichwa upya na ujaribu tena. Kitu kinachoonekana mdomoni kitoe; usiingize kidole kutafuta usichokiona.

Kisha kandamiza katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kifua, kwa kiganja kimoja juu ya kingine, viwiko vimenyooka. Kina ni sentimita 5 hadi 6, kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kifua kiachwe kirudi juu chote. Mikandamizo 30, pumzi 2, endelea hivyo. Mtoto kandamiza theluthi ya kina cha kifua chake, kama sentimita 5, kwa mkono mmoja au miwili kadiri ya ukubwa wake. Mtoto mchanga ni sentimita 4 kwa vidole, na mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja. Mpokezane kila dakika 2, kwa sababu mkandamizaji aliyechoka hupunguza kina bila kujua. Ukiwa peke yako na simu haiko karibu, fanya dakika 2 kwanza, ndipo ukaitafute.

Povu litatoka mdomoni, pengine jingi jeupe au la rangi ya waridi. Usikae ukilifuta, puliza. Matapishi ni jambo jingine: mgeuze ubavu, safisha, mrudishe, endelea. Kabla ya kubandika pedi za mashine ya kushtua moyo, kausha kifua kwa taulo na msogeze kutoka kwenye maji yaliyotuama.

Kuna mambo ambayo jamaa waliokusanyika watakusihi uyafanye, na usiyafanye: kumning'iniza kichwa chini, kumlaza tumbo juu ya pipa au tairi, kumkandamiza tumbo ili "maji yatoke". Maji yanayotoka hivyo mengi ni ya tumboni, yanapanda kooni na kuingia kwenye mapafu ambayo ungeweza kuyapa hewa. Mpe mtu mmoja mwenye sauti kazi ya kuwarudisha watu nyuma.

Akianza kupumua mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike. Usiku wa Juni na Julai hapa ni baridi ya kutosha kumdhuru mtu aliyelowa. Aliyezimia au aliyepuliziwa pumzi anakwenda hospitali hata akisema yuko mzima. Aliyemeza maji na sasa anakohoa mfululizo, anapumua haraka, anachanganyikiwa au analala kusiko kwa kawaida, naye aende siku hiyo hiyo.

Malambo, Hombolo, Mtera na makorongo

Lambo la kuchimbwa kwa greda lina kuta za mfinyanzi. Zikilowa na kukanyagwa na ng'ombe huwa utelezi mtupu. Mtoto anayechota maji au kunywesha mbuzi akiteleza, hana pa kushika pa kupandia. Mwenzake humfuata, na wa tatu humfuata huyo. Ndivyo lambo moja linavyochukua watoto wawili au watatu wa nyumba moja. Wafundisheni watoto wachungaji jambo hili kabla ya lingine: usiingie. Lala chini, mpe fimbo ya kuchungia. Fimbo ikiwa fupi, funga shuka au khanga mbili kwa fundo lililoloweshwa na kukazwa. Mwingine akimbie kuita watu wazima. Kushikana mikono kwa mnyororo kwenye mfinyanzi unaoteleza ni kuongeza idadi.

Kijiji kinaweza kupunguza hatari kwa gharama ndogo. Zungushieni lambo uzio wa miiba au mkonge, acheni njia moja iliyowekwa mawe ya kukanyagia, na chimbieni nguzo pale penye dumu la lita 5 na kamba ya mita 15. Hori la kunyweshea mifugo likijengwa nje ya uzio, mtoto hana sababu ya kufika ukingoni.

Hombolo na Mtera ni maji ya mitumbwi. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa. Lililokaliwa au lililofungwa kwenye ubao wa mtumbwi halimsaidii mtu mtumbwi ukipinduka. Mtera ina mamba na viboko, na visiki vya miti iliyozama, kwa hiyo kuogelea kumfuata mtu ni hatari mara tatu. Mfuate kwa mtumbwi, mpe kasia, na mpandishe kwa upande wa tezi, yaani nyuma ya mtumbwi. Ukimpandishia ubavuni mtumbwi utapinduka.

Korongo linaweza kukaa kavu miezi minane, kisha likajaa kwa mvua iliyonyesha milimani wakati kwenu jua linawaka. Wanaoishi kando ya Mto Kinyasungwe kule Gulwe, au Bubu unaoteremka Bahi, wanalijua hilo. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 huelea gari dogo, 60 huchukua magari mengi. Kwa kuwa maji ni matope, huoni kama barabara bado ipo chini. Bodaboda na daladala zisubiri. Aliyekwisha kuchukuliwa arushiwe kamba na mtu aliye ng'ambo ya chini, kule maji yanakoelekea. Anayerusha asijifunge kamba mwilini. Aliye majini alale chali, miguu mbele, akisogea kwa ubavu kuelekea ukingo.

Mazoezi

Kipimo cha kuanzia kwa mwokoaji wa bwawa: aogelee mita 50 chini ya sekunde 60, mita 100 kifudifudi na 100 chali bila kupumzika, aelee wima bila mikono kwa dakika 2, na azame hadi sakafu ya kina kirefu alete tofali la kilo 4.5 akiwa amelishika kwa mikono miwili. Asiyeweza haya anaweza kukusanya tiketi, lakini asikae kwenye kiti.

Kila wiki, kabla ya kufungua, nusu saa inatosha: urushaji wa boya mara kumi kwa kila mtu kwenye dumu linaloelea mita 10, kumvuta na kumpandisha mwenzako mzito kuliko wote, dakika 2 za kukandamiza mto au mwanasesere kwa kasi sahihi. Mara moja kwa mwezi fanyeni zoezi zima bila taarifa, kuanzia filimbi hadi mtu kusimama barabarani, saa ikihesabu, na muziki wa baa ukiwa umewashwa kwa sauti ile ile ya Jumapili. Hapo ndipo hugundulika kwamba filimbi haisikiki upande wa pili, ufunguo wa ofisi yenye simu amekwenda nao mhudumu, au kamba ya boya imetumika kuanikia taulo. Andikeni kwenye daftari kilichokwama, nani atakirekebisha na lini, na daftari lisomwe kabla ya zoezi linalofuata.